Akishindwa amekwisha, akishinda amerudia: barua ya wazi kwa Waziri wa Michezo

Mheshimiwa Waziri,

Nakuandikia kutoka Kangemi, ambako kwa miaka mingi nimekuwa nikifundisha vijana mbio za baiskeli. Kazi hii naifanyia katika kibanda cha mabati ambacho asubuhi ni karakana na jioni ni darasa. Sina cheo katika chama chochote. Nina saa ya kupimia muda, daftari la kurasa mia mbili, na kijana mmoja ambaye msimu huu amerudi mbioni baada ya marufuku ya pufya, yaani dawa haramu za kuongeza nguvu michezoni. Yeye ndiye aliyenifanya nishike kalamu, ingawa ninachokuomba si chake peke yake.

Jina lake sitalitaja. Barua hii ameisoma kabla yako, akataka kufuta mistari miwili, kisha akaniambia, "Kocha, mengine yaache yalivyo."

Alikuwa na miaka 22 alipopatikana. Timu ndogo ya ng'ambo ilikuwa imeanza kumlipa. Hazikuwa pesa za kujengea nyumba, lakini zilikuwa zikiwasomesha wadogo zake wawili. Akaumia goti, akakaa nje wiki sita, akaingiwa na hofu kwamba mkataba hautaongezwa. Mtu akamwelekeza kwenye duka la dawa. Huko akauziwa EPO, dawa ambayo hospitalini hupewa wagonjwa wa figo wanaosafishwa damu ili miili yao itengeneze chembe nyekundu za damu. EPO hutaka ubaridi, kati ya nyuzi 2 na 8, na kwao hakuna friji. Akaificha kwenye chupa ya chai ya mama yake, ile yenye maua mekundu, akiizungushia vipande vya barafu alivyonunua kwa muuza samaki. Chupa hiyo nimeiona. Bado iko juu ya kabati, na mama yake hajaitilia chai tena.

Alipimwa baada ya mbio, matokeo yakatoka. Siku aliyopokea taarifa alikuja kibandani, akaketi juu ya ndoo ya rangi, akaniambia yote bila mimi kumuuliza. Alikiri ndani ya siku 20 kama Kanuni ya Dunia ya kupambana na pufya inavyoruhusu, na kwa hiyo badala ya miaka 4 akapewa 3. Kwa muda wote huo sikuwa na ruhusa ya kumfundisha, kwa maana aliyefungiwa haruhusiwi kurudi mazoezini na klabu mpaka ibaki miezi miwili au robo ya mwisho ya adhabu, yoyote iliyo fupi. Akawa mwendesha bodaboda. Akinipita Waiyaki Way alikuwa akipiga honi mara mbili, nami nainua mkono.

Sasa amerudi. Mbio zake za kwanza aliachwa kabla hata hazijafika nusu. Niliwasikia watu kando ya barabara wakisema, "Unaona? Bila pufya hana kitu." Miezi mitatu baadaye, barabara ileile, akamaliza wa pili. Watu walewale, wamesimama palepale, soda mkononi: "Amerudia huyu." Mheshimiwa, akishindwa amekwisha, akishinda amerudia. Ni msimu gani huo ambao mtu anaweza kuuendesha vizuri?

Siwalaumu watu hao. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, na sisi tumeumwa mara nyingi. Tumempoteza mkimbiaji Rita Jeptoo kwa marufuku ya pufya, tukampoteza Jemima Sumgong miezi michache tu baada ya dhahabu yake ya marathoni kule Rio, tukampoteza Asbel Kiprop. Ripoti ya shirika la dunia la kupambana na pufya, WADA, iliyotoka mwaka 2018 ilihesabu Wakenya 138 waliopatikana tangu 2004, karibu wote wakiwa wakimbiaji. Oktoba 2025 Ruth Chepngetich, aliyekimbia marathoni ya Chicago mwaka 2024 kwa saa 2:09:56, alifungiwa miaka 3 kwa sampuli iliyochukuliwa Machi 2025. Naye pia alipunguziwa mwaka kwa kukiri. Siku moja huenda akarudi, na watu watasimama kando ya barabara wakiwa na soda mkononi. Hawa wote ni watu wa riadha, najua. Lakini jicho la Mkenya anayetazama baiskeli ni lilelile lililowatazama wao.

Na kama ningesema mimi sina shaka, ningekuwa nakudanganya.

Wiki mbili kabla ya ile nafasi ya pili tulikuwa Mai Mahiu. Mazoezi yetu huanzia pale kwenye kanisa dogo lililojengwa na wafungwa wa vita Waitaliano mwaka 1942, kisha tunaupanda ukingo wa Bonde la Ufa mpaka juu kwa wauza ngozi za kondoo. Barabara hiyo ina malori yanayopanda kwa giya ya kwanza yakitoa moshi mweusi, na mwendeshaji asiye makini hubanwa kati ya tairi na korongo. Nilikuwa juu, saa mkononi, daftari limefunguliwa kwenye ukurasa wa miaka ile. Alipotokea kwenye kona ya mwisho nikajua kabla ya kubonyeza. Alikuwa sekunde 11 mbele ya muda wake bora kabisa, na ule muda bora aliuweka akiwa na dawa mwilini.

Moyo ulinipiga, na haikuwa furaha. Alishuka, akainamia usukani, jasho likidondoka kwenye fremu. Nilitarajia ataitazama saa. Akanitazama mimi usoni, akakiona alichokiona, akanyoosha mkono wa kushoto kama mtu anayengoja sindano. "Kocha," akasema, "nipeleke nikapimwe."

Mheshimiwa Waziri, sikuwa na mahali pa kumpeleka. Nikimpeleka kwenye maabara yoyote ya mjini nikalipa pesa yangu, karatasi nitakayopewa haina uzito wowote. Kipimo chenye maana ni kile cha ghafla, mtu anapobishiwa mlango alfajiri bila kujua, na sampuli ikasafiri chini ya lakiri. Mwendeshaji mkweli hawezi kujiagizia kipimo hicho. Anakaa na ukweli wake mfukoni kama noti ambayo hakuna duka linaloikubali.

Nimekuwa nikijiuliza, basi, msimu wa mtu aliyerudi hupimwa kwa nini. Nikaanza na saa kwa sababu ndiyo niliyo nayo. Lakini ile siku ya sekunde 11 upepo ulikuwa unatoka bondeni, ukimsukuma mgongoni. Baiskeli ilikuwa na tairi mpya. Alikuwa amepungua kilo mbili na nusu. Kila moja ya hizo ingetosha kuzila sekunde 11, na hakuna hata moja inayothibitisha lolote.

Kisha nikauliza kuhusu mwili wenyewe: je, pufya hubaki? Hapa jibu linategemea ni dawa gani. Chembe nyekundu ya damu huishi kama siku 120. Zile alizotengenezewa na EPO zilikuwa zimekufa zote kabla hata hajamaliza mwaka wa kwanza wa bodaboda. Steroidi, yaani dawa za kujenga misuli, ni habari nyingine. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Oslo walichapisha mwaka 2013 jaribio walilofanya na panya: waliwapa testosteroni, mojawapo ya steroidi, kwa muda mfupi, wakawaachisha, wakangoja miezi mitatu, ambayo kwa panya ni kama sehemu ya kumi ya maisha yake. Walipoitwika misuli hiyo mzigo, ilikua kwa asilimia 30 katika siku sita, ilhali ya panya ambao hawakuwahi kupewa haikusogea sana. Msuli ulikuwa unakumbuka. Binadamu si panya, lakini mtu yeyote anayesema adhabu ikiisha kila mtu huanza sifuri, anasema asichoweza kukitetea. Na anayesema kila aliyerudi bado anaendeshwa na dawa za zamani, vilevile.

Kwa hiyo niligeukia walikopita wenzetu, kwa kuwa mbio za baiskeli za Ulaya zimekuwa shule ya jambo hili kwa gharama kubwa.

Alejandro Valverde wa Uhispania alifungiwa miaka 2 kuanzia Januari 2010, baada ya Waitaliano kulinganisha damu yake waliyoichukua wakati wa Tour de France ya 2008 na mfuko wa damu uliokamatwa kwenye msako wa pufya Uhispania mwaka 2006, zikafanana. Alirudi Januari 2012 kwenye Tour Down Under, Australia, akashinda hatua (mbio za siku moja) ya mlima wa Willunga na kumaliza wa pili, muda sawa kabisa na mshindi. Mwaka huohuo akawa wa pili kwenye Vuelta a España, mbio kubwa za Uhispania. Mwaka 2018, akiwa na miaka 38, akawa bingwa wa dunia. Ukimhukumu kwa miguu, ni kurudi kuzuri kuliko kote. Lakini hakuwahi kukiri. Damu ile ilifikaje kwenye mfuko, nani aliitoa, nani alilipwa, hayo yote alistaafu nayo.

Aliyemshinda kwenye ile Vuelta alikuwa Alberto Contador, naye akiwa ametoka kwenye marufuku siku chache tu. Kwa pikogramu 50 za klenbuterolo, dawa iliyopigwa marufuku, kwenye mililita moja alipoteza Tour ya 2010 na Giro, mbio kubwa za Italia, ya 2011. Mwenyewe akisema iliingia kupitia nyama aliyokula. Marufuku yake iliisha tarehe 5 Agosti 2012, na mwezi uliofuata akachomoka mbali na mstari wa mwisho kwenye hatua ya Fuente Dé akaipindua Vuelta nzima. Wa kwanza na wa pili, jukwaani, wote wawili walikuwa wametoka kwenye marufuku. Nimeitazama picha ile mara nyingi na nashindwa kuisoma.

Halafu kuna Riccardo Riccò. Alipatikana na aina ya EPO kwenye Tour ya 2008, akarudi 2010, watu wakampa nafasi. Februari 2011 alikimbizwa hospitalini akiwa taabani baada ya kujiongezea damu aliyokuwa ameihifadhi kwenye friji. Akafungiwa miaka 12. Wanaotaka kila aliyerudi afungiwe maisha humtaja huyu, na wana haki ya kumtaja.

Mimi humtaja David Millar wa Uingereza. Polisi wa Ufaransa walimkuta mwaka 2004 na sindano mbili zilizotumika nyumbani kwake. Akakiri EPO, akafungiwa miaka 2. Alirudi kwenye Tour ya 2006, na siku moja kabla ya kuanza pale Strasbourg akawashuhudia Ivan Basso na Jan Ullrich wakiondolewa kwa kashfa ya mifuko ileile ya damu. Katika Tour ile hakushinda chochote. Kwenye Vuelta mwaka huo akashinda hatua moja ya kushindana na saa. Ukiuandika msimu huo kwenye daftari langu, ni mistari michache. Lakini alisema wapi, lini, na kwa nini, akalisema tena kila alipoulizwa, na baadaye akakaa kwenye kamati ya wanamichezo ya WADA. Vijana waliomfuata walijua mlango wa kuingilia kwenye uchafu ukoje, kwa hiyo wangeweza kuutambua na kuupita. Hata Basso, aliporudi, aliweka takwimu za damu yake hadharani watu wazisome, na mwaka 2010 akashinda Giro huku wakizisoma.

Hapo ndipo akili yangu ilipotulia. Msimu wa kurudi tuuhukumu kwa kile mwendeshaji anachokifungua na kile anachokirudisha. Nafasi aliyomaliza ije baadaye sana.

Na kufungua huko, Mheshimiwa, hakuwezekani bila wewe. Marekani, shirika lao la kupambana na pufya huchapisha kwa jina kila mwanamichezo amepimwa mara ngapi kwa mwaka. Haitoi siri ya mwili wa mtu. Inataja idadi tu. Naomba ADAK, shirika letu la kupambana na pufya, ipewe agizo na pesa za kufanya hivyo kwa kila Mkenya anayerudi kutoka marufuku, angalau misimu miwili ya kwanza, na aingizwe kwenye orodha ya wanaopimwa ghafla kabla hajavaa namba ya mbio yake ya kwanza. Serikali iliahidi mwishoni mwa 2022 dola milioni 5 kila mwaka kwa miaka mitano kuokoa riadha yetu isifungiwe, na ilifanya vyema. Baiskeli ni mchezo mdogo hapa, lakini damu ya mwendeshaji ni damu ileile. Sehemu ndogo ya fungu kama hilo ingetutosha.

Yule anayetaka kufungua pasipoti yake ya kibayolojia, yaani ule mfululizo wa vipimo vya damu vinavyolinganishwa mwaka hadi mwaka, apewe nakala yake na mtaalamu wa kuwasomea wananchi kwa Kiswahili. Sisi tunaishi juu. Nairobi peke yake iko karibu mita 1,800, na mtu anayefanya mazoezi Limuru au Iten damu yake haifanani na ya mtu wa Mombasa. Takwimu zisizo na maelezo zitawasha moto mwingine.

Kuhusu marufuku ya maisha kwa kila mtu, sitasema mengi. Waingereza walikuwa na kanuni ya kutompeleka Olimpiki yeyote aliyewahi kufungiwa. Mahakama ya Usuluhishi wa Michezo iliifuta Aprili 2012, na Millar akaendesha London mwaka huohuo. Njia hiyo imekwisha kufungwa na sheria.

Kuna jambo moja zaidi, na ndilo linaloniuma kuliko yote. Siku ile kijana wangu aliyoshinda akiwa na EPO, aliyemaliza nyuma yake alikuwa kijana mwingine wa Kangemi. Nilimfundisha pia. Zawadi ya mshindi ilikuwa shilingi 30,000, ya wa pili 15,000. Matokeo yalipofutwa, ushindi ulihamia kwake kwenye karatasi. Pesa hazikuhamia. Hakuna aliyempigia simu. Mwaka uliofuata aliuza baiskeli yake ili alipe kodi ya nyumba, na leo anachomelea mageti Kawangware.

Tunajua uchungu huo hata kwa watu wakubwa. Chris Froome, aliyezaliwa hapa Nairobi na kuendesha baiskeli Kikuyu pamoja na David Kinjah, alimaliza wa pili Vuelta ya 2011. Juan José Cobo, aliyemshinda, alivuliwa ushindi huo kwa pufya mwaka 2019. Miaka 8. Froome alikuwa tayari ana mataji manne ya Tour, kwa hiyo aliweza kungoja. Wa Kawangware hakuweza.

Februari mwaka huu nilikwenda kwa yule mchomeleaji anitengenezee mlango wa kibanda. Akavua miwani ya kuchomelea, akafuta mikono, akanionyesha simu. Ujumbe wa M-Pesa: shilingi 1,500, kutoka kwa kijana wangu. Akateremsha chini. Mwezi uliotangulia, 1,000. Kabla ya hapo, 700. Kabla ya hapo, 2,000. Kote nyuma mpaka miaka ya bodaboda. Hakuna maneno, ni miamala tu. "Hatujaongea," akaniambia. "Imebaki elfu tatu mia mbili."

Mtoaji hakuwahi kuniambia, na mstari huu ni mmoja wa ile aliyotaka kuifuta. Nilimkatalia.

Kanuni ya Dunia yenyewe inasema kwamba zawadi ikirejeshwa, shirika lililoipokea lichukue hatua ifike kwa waliostahili kuipata. Naomba wizara yako iweke sharti kwamba hakuna Mkenya atakayerudi mbioni kabla ya kuwepo mpango ulioandikwa wa kurudisha alichokipata kwa pufya, hata kama ni kidogo kidogo, na kwamba chama husika kimtafute aliyedhulumiwa na kumpa pesa hizo mkononi pamoja na nishani yake. Ofisi ifanye inachofanya kijana mmoja kwa simu yenye kioo kilichopasuka.

Sikuombi umwamini kijana wangu. Mimi mwenyewe siku zingine naamka na zile sekunde 11 kichwani. Ninachokuomba ni mahali pa kumpeleka siku ile anaponyoosha mkono.

Amekubali kwa maandishi, na karatasi hiyo iko nami, kwamba idadi ya vipimo vyake na pasipoti yake ya damu vitolewe kwa yeyote atakayeviomba. Amekubali pia kuja mbele ya kamati yoyote kueleza alipita njia gani kufika kwenye duka lile. Kanuni inaruhusu anayewafichua wengine asimamishiwe hadi robo tatu ya adhabu. Yeye adhabu imekwisha, hapati chochote kwa kusema, na bado anataka kusema. Anahitaji tu barua ya kumwita. Yule wa Kawangware amesema naye atakuja, wakimpa ruhusa kazini.

Mbio zinazofuata ni wiki tano kutoka leo. Mazoezi yetu ya Mai Mahiu ni Jumapili, saa kumi na mbili asubuhi, tunaanzia kanisani.

Wako mtiifu,
Mkufunzi wa vijana wa baiskeli,
Kangemi, Nairobi